Kutoka Mombasa hadi Kisumu

Msomaji, twaa ramani ya Kenya na rula yako. Pima mstari ulionyoka kutoka kiwanja cha ndege cha Mombasa mpaka kile cha Kisumu. Utaona kuwa umbali wake ni kilomita 690 hivi. Mstari huo haukurefuka wala haukufupika tangu zamani za mababu zetu. Kilichobadilika ni muda wa kuukata. Tena muda huo haukupungua bure.

Mwezi wa Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, kwa miguu. Alifika Mumias, kaskazini ya Kisumu, mwezi wa Oktoba. Safari hiyo ilichukua zaidi ya miezi miwili, na mizigo yote ilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi. Mwezi huo huo askofu aliuawa huko Busoga pamoja na wengi wa wapagazi aliofuatana nao. Jina lake twalisoma vitabuni; majina yao ni nadra kuyaona.

Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika Kisumu. Reli haikufuata mstari wa rula yako. Ilipanda milima, ikashuka katika Bonde la Ufa na kupanda tena, hata urefu wake ukapita kilomita 930. Hata hivyo safari ya miezi iligeuka kuwa safari ya siku. Lakini gharama yake ilikuwa nzito. Katika wafanyakazi kama 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, karibu 2,500 walikufa. Nao Wanandi waliipigania nchi yao iliyopitiwa na reli, hata kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, akauawa mwaka 1905.

Mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ilianza kupitisha ndege zake za majini katika njia ya Uingereza hadi Durban. Zilitua juu ya Ziwa Viktoria pale Kisumu, kisha zikatua tena katika maji ya Mombasa. Mwendo wake ulikuwa kilomita 265 hivi kwa saa. Gawanya mwenyewe, nawe utapata saa mbili na nusu na kitu kidogo. Lakini ndege moja haikuchukua zaidi ya abiria 24.

Siku hizi ndege iendayo moja kwa moja huwa angani kwa muda wa saa moja na robo hivi.

Basi, msomaji, usomapo habari za safari za kale, usiulize tu, "Zilichukua siku ngapi?" Uliza pia, "Ni nani aliyebeba mzigo, na ni nani aliyepata kiti?" Umbali ni kazi ya maumbile, kuufupisha ni kazi ya watu, na wengi wa watu hao hawakupata kuandikwa.