Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Suala la Kumwamini Mhakiki wa Michezo ya Video, kwa Kurejelea Mwiki

1.0 Utangulizi

Swali la nani aaminiwe anapotoa hukumu juu ya kazi ya sanaa ni kongwe kuliko taaluma yetu ya uhakiki. Hata hivyo, kwa muda mrefu tumelijadili kwa kurejelea vitabu peke yake. Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kupitia uwanja ambao wengi wetu huupita njiani bila kuugeukia, yaani michezo ya video. Kwanza tutaeleza kwa ufupi historia ya uhakiki wa michezo hiyo tangu mwaka 1981. Kisha tutaitazama historia hiyo tukiwa Mwiki, mojawapo ya kata za eneo bunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, ambayo msomaji asiichanganye na jirani yake wa jina moja aliye upande wa Kasarani, Nairobi. Hatimaye tutarejea nyumbani, kwenye uhakiki wa fasihi ya Kiswahili.

Yamkini msomaji atauliza: michezo ya video inaingiaje katika jarida la uhakiki wa fasihi? Tunayo majibu mawili. Kwanza, mingi ya michezo hiyo husimulia. Ina wahusika, migogoro na miishilio. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, kosa la mhakiki wake huonekana upesi. Mchezo mpya wa kampuni kubwa huuzwa kwa dola 60 au 70 za Kimarekani. Anayedanganywa na tahakiki hupoteza fedha ambazo kwa mtu wa Mwiki ni mshahara wa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo, watu wa uwanja huo wamelazimika kuuliza kwa sauti maswali ambayo sisi huyanong'ona tu baada ya kongamano.

Hoja yetu ni kwamba imani kwa mhakiki haitokani na cheo chake, wala na wingi wa wanaomsikiliza, wala hata na ujuzi wake peke yake. Hutokana na mambo mawili: kwamba ametueleza alisimama wapi alipohukumu, na kwamba amewahi kusema jambo lililo kinyume na maslahi yake mwenyewe.

2.0 Muhuri na Gazeti: 1981 hadi 1988

Magazeti ya kwanza yaliyojihusisha na michezo ya video pekee yalitokea mwaka 1981: Electronic Games nchini Marekani na Computer and Video Games nchini Uingereza. Wakati huo biashara ilikuwa imeshamiri na yeyote mwenye mtaji aliweza kutoa mchezo. Matokeo yake yanajulikana. Mchezo wa E.T. wa kampuni ya Atari, uliotolewa mwaka 1982, ulitengenezwa kwa muda wa majuma matano hivi. Kaseti zake zilizokosa wanunuzi zilifukiwa ardhini huko Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, na zikafukuliwa mwaka 2014. Soko la Marekani lilianguka mwaka huo wa 1983 kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba mnunuzi hakuwa tena na njia ya kutenganisha pumba na mchele.

Nintendo ilipoingia katika soko hilo mwaka 1985 ilijibu tatizo hilo kwa muhuri. Kila mchezo uliokubaliwa na kampuni ulibandikwa alama ya ubora kwenye kasha lake. Mwaka 1988 ikaongeza gazeti lake, Nintendo Power, lililowaeleza wachezaji michezo ipi ilikuwa mizuri na namna ya kuicheza. Tutambue kilichotendeka hapa. Aliyetengeneza mashine, aliyeidhinisha mchezo na aliyeusifu gazetini walikuwa mtu mmoja. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kulaani. Muhuri ule ulimpa mnunuzi uhakika wa jambo moja la kweli, kwamba mchezo ungefanya kazi katika mashine yake. Haukumwambia kama ulistahili kuchezwa. Tatizo lilianza pale wasomaji walipouchukua uhakika wa kwanza kuwa ndio wa pili.

3.0 Alama na Fedha: 1986 hadi 2016

Njia nyingine ya kujenga imani ilikuwa kuongeza idadi ya mahakimu. Gazeti la Kijapani la Famitsu, lililoanzishwa mwaka 1986, liliwapa wahakiki wanne mchezo mmoja, kila mmoja akatoa alama kati ya 10, na jumla ikawa kati ya 40. Msomaji aliweza kuona mahali wahakiki walipopishana, na humo ndimo ilimokuwa faida. Tovuti ya Metacritic, iliyoanza mwaka 2001, iliupanua mtindo huo kwa kukusanya alama za wahakiki wengi na kuzifanya nambari moja. Lakini nambari moja huficha mapishano yale yale yaliyokuwa na faida. Aidha, nambari hiyo ilipata kazi nyingine. Mwaka 2012 ilifahamika kwamba watengenezaji wa mchezo wa Fallout: New Vegas (2010) walikosa bakshishi iliyokuwa katika mkataba wao kwa sababu mchezo ulipata 84 badala ya 85. Hukumu iliyoanza kama ushauri kwa msomaji ilikuwa imegeuka kipimo cha ujira.

Tukio lililotikisa zaidi imani ya wasomaji ni la Novemba 2007. Jeff Gerstmann, mhakiki wa tovuti ya GameSpot, aliupa mchezo wa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10 wakati kurasa za tovuti hiyo zilikuwa zimepambwa kwa matangazo ya mchezo huo huo. Alifutwa kazi. Mwaka 2012, kizuizi cha kisheria kilipoondolewa, alieleza hadharani kwamba shinikizo la watangazaji lilihusika. Kwa watetezi wa uhuru wa uhakiki, tukio hili ni la huzuni. Kwa mwanahistoria wa imani lina upande wa pili: wasomaji wengi walimfuata Gerstmann alikokwenda. Walikuwa wamepata ushahidi ambao hakuna shahada inayoweza kuutoa, kwamba mtu huyu alisema alichokiona hata kilipomgharimu.

Baadaye sauti zilihamia YouTube, na wengi wakadhani kwamba mchezaji wa kawaida anayezungumza chumbani mwake hawezi kununuliwa. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani ilifikia mapatano na Warner Bros. kuhusu mchezo wa Middle-earth: Shadow of Mordor (2014). Kampuni hiyo ilikuwa imewalipa watu maarufu wa YouTube wausifu bila malipo hayo kuelezwa waziwazi. Kosa lililotajwa lilikuwa kuficha malipo, wala si malipo yenyewe. Tofauti hiyo tutaihitaji tutakapofika kwenye fasihi yetu.

4.0 Mashine ya Mhakiki

Hadi hapa tumezungumzia fedha. Kuna tatizo jingine ambalo halihitaji hila ya mtu yeyote. Cyberpunk 2077 ilipotolewa tarehe 10 Desemba 2020, wahakiki wa mwanzo walikuwa wamepewa nakala za kompyuta peke yake. Walisifu walichokiona, na wengi wao walikisema kwa uaminifu. Aliyenunua nakala ya PlayStation 4 alikutana na mchezo uliokwama na kuzimika mara kwa mara. Kabla ya majuma mawili kupita Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni, na haukurudi hadi Juni 2021.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Mwiki. Toleo la mwisho la mchezo wa kandanda wa FIFA kwa mashine ya PlayStation 3 lilikuwa FIFA 19, la mwaka 2018. Toleo hilo halikuwa mchezo uliohakikiwa magazetini. Lilikuwa na jezi mpya na orodha mpya za wachezaji, basi. Masimulizi ya kijana Alex Hunter, ambayo wahakiki waliyajadili kama hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho, hayakuwamo. Ni kana kwamba riwaya ihakikiwe London, kisha iuzwe Ruiru chini ya jalada lile lile bila sura zake za katikati.

5.0 Baraza la Kibanda

Katika vibanda viwili vya michezo vya Mwiki ambavyo mwandishi wa makala haya alivizoea, PlayStation 3 iliendelea kutumika miaka mingi baada ya dunia ya wahakiki kuiaga. Utaratibu ni rahisi. Wachezaji hulipa kwa mechi, anayeshindwa huondoka, na wanaosubiri hukaa kwenye benchi nyuma yao. Benchi hilo ndilo baraza. Kila mechi hufuatana na hukumu: juu ya mchezo wenyewe, juu ya toleo la mwaka uliopita, juu ya pedi iliyochakaa.

Mwenye kibanda hununua mchezo mmoja au miwili kwa mwaka, na akikosea hasara ni yake. Tulimuuliza ni nani anayemshauri. Tulitarajia amtaje mhakiki fulani wa kigeni, kwa kuwa simu yake ilijaa video zao. Alisema huwatazama hao ili aone picha tu. Ushauri huutafuta kwa mwenye kibanda mwenzake mwenye mashine kama yake. Je, jirani yake wa barabara ile ile? La. Huyo ni mshindani, na huenda akausifu mchezo mbaya ili mwenzake apate hasara. Humwendea mtu wa Githurai, asiyegombea wateja naye.

Tulimuuliza pia kuhusu wachezaji wake hodari. Hawa, kwa mujibu wake, ndio wa mwisho kuaminiwa, kwani kila mmoja husifu toleo analoshindia. Ila yupo kijana mmoja ambaye kauli yake huzima mabishano. Kijana huyo alikuwa bingwa wa toleo la zamani. Lilipoletwa jipya akawa anafungwa hata na wanafunzi, na bado akasema kwamba jipya ndilo bora. Tangu siku hiyo husikilizwa.

Tusilipambe baraza hili kuliko linavyostahili. Lina kelele, lina ushabiki, na hukumu zake hazivuki kandanda na mapigano. Lakini maswali yake matatu ni sahihi: umeucheza mwenyewe? Umeuchezea mashine gani? Unapata nini tukikuamini?

6.0 Na Sisi Je?

Historia ya hukumu katika fasihi ya Kiswahili ina hatua zinazofanana na hizo. Tulikuwa na muhuri: Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilipitia miswada na kutoa idhini yake kwa vitabu. Idhini hiyo ilithibitisha usanifu wa lugha, nasi kwa miaka mingi tukaichukua kuwa ithibati ya sanaa. Tulikuwa pia na baraza: kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, zilichapisha mashairi na majibu yake, na aliyetunga alijua kwamba atajibiwa.

Katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, baada ya Kichomi cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974, waliohukumu walikuwa pia watunzi. Kila mmoja aliwamba ngoma. Hata hivyo, tazama majina ya vitabu viwili vya pande zilizopingana: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha Amri Abedi (1954), na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu cha Mulokozi na Kahigi (1979). Katika vyote viwili kanuni na tungo za mtoa kanuni zimewekwa ndani ya jalada moja, na jina la kitabu linatangaza hivyo. Msomaji anaiona ngozi ikivutwa na anamwona mvutaji. Huko si kutopendelea, lakini ni uaminifu.

Je, leo tunafanya hivyo? Mchapishaji anayetoa riwaya teule ya shule na kisha mwongozo wa riwaya hiyo hiyo anarudia mfano wa Nintendo Power. Mwalimu huyapokea maelezo ya mwongozo kana kwamba ni uhakiki, na mwanafunzi huyakariri. Nasi tunaoandika dibaji za wenzetu hatuna budi kujihesabu. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuiandikia dibaji diwani ya rafiki yake. Faraghani alikuwa amemweleza kwamba thuluthi moja ya mashairi yale haikuwa imeiva. Katika dibaji hakusema neno. Miaka kadhaa baadaye alisoma tasnifu ya mwanafunzi wake wa uzamili na kuikuta dibaji ile imenukuliwa kama ushahidi wa ubora wa mashairi yale yale. Mwanafunzi hakukosea kanuni yoyote ya kitaaluma. Aliamini cheo, kama tulivyomfundisha. Kijana wa benchi la Mwiki angemuuliza kwanza huyu aliyeandika ni nani kwa mtunzi.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba muhuri, wingi wa alama na ukawaida wa msemaji vyote vimewahi kutumika kama mbadala wa imani, na kila kimoja kikashindwa pale kilipobebeshwa mzigo usiokuwa wake. Kilichodumu ni ushuhuda wa mtu anayejulikana aliposimama na aliyewahi kukubali hasara kwa ajili ya hukumu yake.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu kwa jarida hili. Mosi, kila tahakiki ieleze uhusiano wa mhakiki na mtunzi na mchapishaji. Pili, itaje toleo lililosomwa, kwa kuwa kitabu kilichofupishwa kwa ajili ya shule si kile kilichotoka mwanzo. Tatu, litenge kurasa za majibu, na majibu hayo yachapishwe hata yanapotukera. Ama kuhusu dibaji iliyotajwa hapo juu, mwandishi amemweleza mwanafunzi wake kilichoachwa nje. Tasnifu ilikuwa imekwisha kupitishwa.