Norham: Ngome ya Askofu Ukingoni mwa Tweed

Karibu na kijiji cha Norham, mto Tweed una kina kidogo mahali pamoja, na zamani mtu na farasi wake walivuka hapo bila kutafuta mashua. Kusini ni Uingereza, kaskazini ni Uskoti. Kivuko hicho ndicho kilichomfanya Ranulf Flambard, Askofu wa Durham, ajenge ngome juu ya genge la kusini mwaka 1121. Usishangae askofu kujenga ngome: maaskofu wa Durham walitawala kama wafalme wadogo, wenye mahakama na askari wao. Eneo la Norham lilihesabiwa kuwa la Durham hadi mwaka 1844.

Ngome ya kwanza haikufua dafu. Mfalme David wa Kwanza wa Uskoti aliitwaa mwaka 1136, akairudisha kwa mkataba, akaitwaa tena mwaka 1138. Baadaye Askofu Hugh du Puiset aliijenga upya kwa mawe na kuisimamishia mnara mkubwa ambao magofu yake yapo hadi leo. Faida ilionekana mwaka 1215, Mfalme Alexander wa Pili wa Uskoti alipoizingira kwa siku 40 kisha akaondoka mikono mitupu.

Miaka mibaya zaidi ilikuja baada ya 1314, Mfalme Robert Bruce wa Uskoti alipowashinda Waingereza Bannockburn. Mlinzi wa Norham alikuwa Sir Thomas Gray, na tunayajua ya ndani kwa sababu mwanawe, naye Thomas Gray, aliyaandika alipokuwa mfungwa Edinburgh. Waskoti walijenga vituo vyao kuizunguka ngome, wakakaa miezi kwa miezi. Safari moja ua wa nje ulitekwa kwa usaliti wa mtu wa ndani, lakini mnara haukuguswa, na baada ya siku tatu Waskoti wakatoka.

Humo ndimo alimoingia Sir William Marmion na kofia ya chuma iliyonakshiwa dhahabu. Mwanamke aliyempenda alimtumia kofia hiyo, akimwagiza aende mahali pa hatari kuliko pote Britania ili ipate sifa. Bila shaka akaenda Norham. Siku chache baadaye Waskoti walitokeza mbele ya lango. Gray akamwambia apande farasi, adui ni yule pale. Gray mwenyewe angemfuata kumchukua, akiwa hai au maiti. Marmion aliwavamia peke yake, akajeruhiwa usoni na kuangushwa. Askari wa Gray walitoka kwa miguu, wakawachoma mikuki farasi wa adui na kumwokoa, kisha wanawake wa ngomeni wakawaletea farasi wao ili wawafukuze waliokimbia. Kofia ilipata sifa yake, ila kwangu mashujaa wa siku ile ni wale wanawake.

Kuta zilizovumilia miezi ya njaa mwishowe hazikuihimili mizinga. Mwaka 1497 Mfalme James wa Nne wa Uskoti alizipiga kwa mizinga, ukiwemo ule mkubwa uitwao Mons Meg, lakini ngome ikabaki. Agosti 1513 alirudi na silaha bora, na kwa siku chache tu walinzi wakasalimu amri. Hakufaidi sana: Septemba 9 aliuawa Flodden, si mbali na hapo, pamoja na wakuu wengi wa nchi yake.

Norham ilikarabatiwa, lakini kilichoimaliza kilikuwa kimeshatokea mwaka 1503, James huyohuyo alipomwoa Margaret, dada yake Henry wa Nane. Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alikataa kutoa fedha za kuitengeneza, naye akafa mwaka 1603 bila mtoto. Kiti chake kikaenda kwa kitukuu cha ndoa ile, James wa Sita wa Uskoti, na ngome ya mpakani ikakosa kazi. Mfalme huyo alipofika Berwick, mwendo mfupi kutoka Norham, mizinga ilipigwa kumlaki, kisha akavuka Tweed kuelekea London.