Nyasi za Milima ya Uvira na Fimbo Mbili za Gofu

Ukipanda kutoka Uvira kuelekea nyanda za juu, joto la ziwa linakuacha polepole. Chini umeacha michikichi, mihogo na harufu ya ndagala walioanikwa mchangani. Juu unavaa koti. Ukungu umelala mabondeni, na ng'ombe wanakula nyasi fupi, nene, zilizotambaa ardhini kama mkeka uliosukwa bila kuacha tundu. Jaribu kung'oa konzi moja tu: mzizi unavuta mzizi mwenzake, na mkono unachoka kabla nyasi hazijakubali.

Mwaka 1903 wataalamu wa mimea waliziandika kwa jina la Pennisetum clandestinum. Neno la pili lina maana ya kitu kilichofichwa, kwa sababu maua yake yanajificha ndani ya ala za majani, na usipoinama huyaoni. Dunia nzima inaziita nyasi za kikuyu, kwa jina la watu wa Kenya ambao milima yao imejaa nyasi hizo. Lakini Kenya si nyumbani kwake peke yake. Ni nyasi za nyanda zote za juu za upande huu wa Afrika, tangu Ethiopia, kupitia Uganda na Tanzania, hadi Rwanda, Burundi na Kivu.

Ni nyasi hizi zinazonisukuma kuandika juu ya gofu, mchezo ambao Uvira hauna sifa nao. Huku vijana wanacheza mpira wa miguu. Katika Kongo, gofu ina makao ya zamani Kinshasa na Lubumbashi. Lubumbashi kuna hata mtaa mzima wa wenye nacho unaoitwa Golf. Lakini lipo swali moja ambalo wacheza gofu wa kila nchi wanaulizana wanapopanga mikoba yao: nibebe wudi au nibebe haibridi? Nimelifuata swali hilo kwenye historia yake, nalo limenirudisha kwenye malisho ya ng'ombe juu ya Uvira.

Kwanza tuelewane juu ya fimbo zenyewe. Wudi ni fimbo ya kupiga mbali mpira ukiwa chini, juu ya nyasi. Kichwa chake ni kipana, kina tumbo, na mpini wake ni mrefu. Wudi namba 3 kwa kawaida hufika karibu inchi 43, na uso wake umelala kwa nyuzi 15 hivi. Haibridi ni chotara, na tafadhali tuiite hivyo, maana Kiswahili kina neno lake. Mama yake ni wudi, baba yake ni fimbo ya chuma. Kichwa ni kidogo zaidi, kitako chembamba, mpini mfupi wa karibu inchi 40. Wudi hufagia. Chotara hushuka na kukata.

Jina la wudi linasema kweli ya zamani: ilikuwa mti. Mafundi wa Scotland walichonga vichwa kwa miti migumu kama mfune, mtofaa na mpea, kisha katika karne ya 19 ukaingia mti wa Marekani uitwao pasimoni. Fundi wa Uvira anayechonga mtumbwi au mchi angeielewa sababu mara moja: pasimoni ni ya ukoo mmoja na abunusi, nzito, ngumu, isiyopasuka ovyo inapogongwa. Fimbo hazikuwa na namba wakati huo, zilikuwa na majina. Ile tunayoiita leo namba 2 ilipewa jina la shaba nyeupe iliyobandikwa chini yake, na namba 3 iliitwa kijiko, kwa kuwa ilichota mpira na kuupandisha.

Kisha ikaja sheria iliyozaa ugomvi wote huu. Wachezaji walikuwa wamezoea kubeba fimbo nyingi mno, wengine zaidi ya 20, na mzigo wote ule ulikuwa juu ya bega la mtoto wa watu aliyewabebea mkoba. Mwaka 1938 Marekani iliweka kikomo cha fimbo 14, na mwaka uliofuata wasimamizi wa mchezo wa St Andrews, Scotland, wakaweka hichohicho. Tangu siku hiyo kila fimbo inayoingia mkobani lazima itoe nyingine. Kama si kikomo hicho, mtu angebeba zote mbili na maneno yangekwisha.

Wudi ilikuwa na siku yake kubwa kabla ya sheria hiyo. Mwaka 1935, kwenye uwanja wa Augusta huko Georgia, Gene Sarazen alikuwa nyuma kwa mapigo matatu akiwa shimo la 15. Alibakiwa na yadi 235, kama mita 215, na bwawa la maji mbele yake. Alichukua wudi namba 4. Mpira ulivuka maji, ukaviringika, ukaingia shimoni. Mapigo mawili kwenye shimo linalopewa matano! Kesho yake alimshinda Craig Wood, yule aliyekuwa mbele yake, katika marudiano, na kwa miaka mingi baadaye hakuna aliyehitaji kuambiwa wudi ni ya nini.

Mti wenyewe ulianza kuondoka mwaka 1979, Gary Adams alipoanzisha kampuni ya TaylorMade na kuuza wudi yenye kichwa cha chuma. Jina likabaki, mti ukaenda. Lakini tatizo moja halikuondoka na mti: kwenye nyasi ndefu, kichwa kipana kinakusanya majani mengi kabla hakijaufikia mpira. Majani yanashika shingo ya fimbo, uso unageuka, mpira unakwenda upande ambao hukuutaka. Mafundi walikuwa wamekwisha kulihangaikia. Mwaka 1975 Tom Crow wa kampuni ya Cobra alitoa fimbo iitwayo Baffler, yenye kama reli mbili chini ya kitako, ili ipasue nyasi badala ya kukwama. Katikati ya miaka ya 1990 Barney Adams akaleta Tight Lies, wudi ya kichwa kifupi na uzito uliowekwa chini. Ilipofika mwaka 2002, TaylorMade ilitoa fimbo za jina la Rescue, yaani uokoaji, na chotara akawa mwenyeji kwenye mikoba ya watu wa kawaida. Fimbo ndefu za chuma, namba 2 na 3, zilizowatesa wachezaji kwa vizazi, zilianza kubaki nyumbani.

Chotara naye alipata siku yake. Agosti 2009, kwenye uwanja wa Hazeltine, Minnesota, Yang Yong-eun wa Korea Kusini alikuwa mbele ya Tiger Woods kwa pigo moja, shimo la mwisho. Woods hakuwa amewahi kushindwa katika shindano kubwa alilokuwa akiliongoza kabla ya siku ya mwisho. Mara 14 aliongoza hivyo, mara 14 alishinda. Yang alikuwa na yadi 206, kama mita 188, na mti umesimama njiani. Alitoa chotara namba 3, akaupitisha mpira juu ya mti na kuulaza karibu na bendera. Akawa mwanamume wa kwanza aliyezaliwa Asia kushinda moja ya mashindano makubwa manne.

Sasa nyasi. Watu husimulia historia ya fimbo kana kwamba fimbo zinapigwa hewani. Kila nilichokieleza juu ya kichwa kipana na kitako chembamba hakina maana mpaka ujue chini kuna nini, na katika sehemu kubwa ya nchi za joto, kilicho chini kilitoka Afrika.

Nyasi za kikuyu zilianza safari zake kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vipande vyake vilipochukuliwa kutoka maeneo ya Ziwa Naivasha na kupelekwa Afrika Kusini. Mwaka 1919 Australia ilizipokea kwa mbegu, na mbegu hizo zilitoka Kongo, wakati ule ikiwa mikononi mwa Wabelgiji. California ilizipata katika miaka hiyohiyo, kwa kazi ya kushika udongo usimomonyoke kwenye kingo za mifereji.

Hapo nasimama kidogo. Aprili 2020 Mto Mulongwe ulishuka Uvira na matope ya milimani, ukabomoa nyumba na kuua makumi ya watu wetu. Waliovuka bahari kuzitafuta nyasi hizi walizitaka zishike udongo, na sisi tunaoishi chini ya milima zinakoota tumeziacha zikilimwa na kuchomwa kwenye miteremko.

Huko California nyasi zilifanya zaidi ya walivyotumwa. Zilitambaa kutoka mifereji, zikaingia viwanja, na Marekani ikaziweka kwenye orodha ya taifa ya magugu hatari. Riviera, uwanja maarufu wa Los Angeles uliojengwa miaka ya 1920, zilienea mpaka zikatawala, na leo ndizo sifa yake. Mchezaji anayefika Riviera kwa mara ya kwanza hukutana na jambo ambalo mtoto wa Kenya aliyebeba mikoba kwenye uwanja wa Muthaiga, Nairobi, amelijua tangu utotoni. Zikikatwa vizuri, nyasi za kikuyu huuinua mpira kama uliowekwa juu ya brashi, na wudi huufagia kwa raha. Zikiachwa ndefu kidogo, mpira huzama, na kichwa kipana kikiingia humo hakitoki salama. Tena haziruhusu ujanja wa kuuviringisha mpira mpaka bendera, kwa kuwa huunyonya mwendo. Lazima uutue kutoka juu.

Muthaiga ilianzishwa mwaka 1913, na mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967. Mwaka 1978 Seve Ballesteros wa Hispania aliyashinda hapo Muthaiga. Alikuwa mtu aliyejifunza mchezo utotoni kwa fimbo moja tu ya chuma, namba 3, kwenye mchanga wa ufuko wa Pedreña. Ukiwaona watoto wa Kalundu, hapa Uvira, wakigonga kizibo kwa kijiti kando ya ziwa, unajua kwamba jambo hilo si hadithi ya mbali.

Bondeni kwetu kuna nyasi nyingine yenye safari yake. Mwaka 1953 wataalamu Germain na Evrard waliipa jina nyasi ya uwanda wa Ruzizi: Brachiaria ruziziensis. Haikwenda kwenye gofu, ilikwenda kwa ng'ombe wa Brazil na Thailand. Huko Colombia watafiti waliizalisha na ndugu yake, wakapata nyasi chotara, wakaiita Mulato. Iliwafikia wafugaji katika miaka ileile ambayo fimbo chotara zilikuwa zinaenea duniani. Nao ukoka, ambao kila mtu anaukanyaga uani, ulichanganyika na ndugu yake wa Afrika Kusini, na mwaka 1960 kituo cha Tifton, Georgia, kikatoa aina ya Tifway inayofunika viwanja vingi vya gofu vya nchi za joto.

Basi anayeuliza achague ipi, nitamjibu kwa kumuuliza anacheza wapi. Kwenye ukoka mkavu uliokatwa chini kabisa, au pale ambapo pigo la kwanza linahitaji kwenda mbali bila kuhatarisha, wudi bado ina haki yake. Wakubwa wenyewe wameirudia: Dustin Johnson alishinda Augusta mwaka 2020 akiwa na wudi namba 7 mkobani. Lakini kwa mchezaji wa kawaida wa Nairobi au wa mji wowote wa nyanda zetu za juu, hukumu yangu ni chotara. Hewa ya mita 1,600 na zaidi tayari inampa urefu ambao wudi namba 3 ingemwongezea, na pembezoni mwa njia nyasi za kikuyu zinamsubiri. Atoe wudi ndefu, abaki na ile ya nyuzi 18 au 19, kisha aweke chotara mbili chini yake.

Mwaka 2028 mashindano ya gofu ya Olimpiki yatafanyika Riviera, Los Angeles. Wachezaji bora wa dunia watapiga mipira yao juu ya nyasi za kikuyu, zilezile zinazoliwa na ng'ombe juu ya Uvira.