Uswahilishaji wa Programu Huria na Mapokezi ya Wachangiaji Wapya Nchini Tanzania: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Bonde la Kilombero

1. Utangulizi

Insha hii inachunguza namna wachangiaji wapya walivyofunguliwa mlango wa kushiriki katika utengenezaji wa programu huria za kompyuta za mezani nchini Tanzania, tangu uswahilishaji wa OpenOffice mwaka 2004 hadi matumizi ya programu za takwimu katika bonde la Kilombero. Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Kwa mujibu wa leseni hiyo, kijana wa Malinyi ana haki ileile aliyonayo mtaalamu wa Ulaya au Marekani. Hata hivyo, haki ya kuingia si sawa na uwezo wa kuingia. Leseni humwondolea mgeni kizuizi cha kisheria. Haimwondolei kizuizi cha lugha, cha mtandao, wala cha kutojua aanzie wapi.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mlango wa kwanza wa Watanzania katika programu za aina hii ulikuwa lugha, si msimbo, na kwamba kazi ya lugha ilikuwa na uwezo wa kumfikisha mchangiaji kwenye msimbo wenyewe. Thamani ya mlango huo ilitegemea kama nyuma yake palikuwa na njia ya kudumu ya kumpokea na kumlea anayeingia.

2. Usuli: maneno kabla ya programu

Uswahilishaji wa kompyuta ulikuta Kiswahili kikiwa tayari na taasisi zake. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Katika mfumo huo, istilahi zilitungwa na wataalamu, zikajadiliwa katika vikao, kisha zikasanifiwa na kutangazwa. Ulikuwa utaratibu makini, lakini wa polepole, na mtumiaji wa kawaida alikuwa mpokeaji tu.

Mwaka 1994 ulianza mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliokuja kujulikana kama Kamusi Project. Mradi huo uliwaalika watumiaji wenyewe kuongeza na kusahihisha maingizo. Ingawa haukuwa mradi wa programu za mezani, ulionesha mapema kwamba kazi kubwa ya lugha inaweza kugawanywa vipande vidogo na kufanywa na watu wengi wasiofahamiana. Huo ndio pia mgawanyo wa kazi katika programu huria.

Kwa upande wa programu zenyewe, kampuni ya Kijerumani ya Star Division, iliyotengeneza StarOffice, ilinunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999. Mwaka uliofuata msimbo wake uliwekwa wazi kwa jina la OpenOffice.org. Kwa mara ya kwanza, programu kamili ya kuandikia, kukokotoa na kuandaa mawasilisho iliweza kuswahilishwa bila kuomba kibali cha mwenye mali.

3. Kilinux na Jambo OpenOffice

Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003 ilikuwa imeweka teknolojia ya habari katika mipango ya maendeleo ya nchi. Katika mazingira hayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya ushauri ya IT46 ya Sweden, kiliendesha mradi wa uswahilishaji wa programu huria uliojulikana kama Kilinux. Desemba 2004 mradi ulizindua Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice 1.1.3. Katika kipindi hichohicho Microsoft nayo iliandaa sura ya Kiswahili ya Windows XP na Office 2003.

Juhudi hizi mbili zilifanana kwa mtazamaji, kwani zote zilimpa mtumiaji menyu za Kiswahili. Zilitofautiana katika nafasi ya mtu wa nje. Katika programu ya kibiashara, mtumiaji aliyeona istilahi mbaya angeweza kulalamika tu. Katika programu huria angeweza kufungua faili la tafsiri, kulirekebisha na kulituma. Kwa hiyo Jambo OpenOffice ilikuwa bidhaa na mwaliko kwa wakati mmoja.

Mwaliko huo ulikuwa na mashaka ya kimuda. Tafsiri ya programu haimaliziki siku ya uzinduzi. Kila toleo jipya huleta maneno mapya, hubadilisha ya zamani na kufuta mengine. OpenOffice 2.0 ilitolewa Oktoba 2005, chini ya mwaka mmoja baada ya uzinduzi wa Dar es Salaam. Kazi iliyofungamanishwa na toleo la 1.1.3 ilianza kuchakaa papo hapo. Mradi wa kawaida huwa na bajeti, ripoti na tarehe ya mwisho, ilhali programu haina tarehe ya mwisho. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na watafsiri wa kwanza pekee. Huzibwa na watu wapya wanaoingia kila mara, na kwa sababu hiyo suala la mapokezi ni la uhai wa kazi yenyewe.

4. Tafsiri kama shule ya mchangiaji

Mara nyingi tafsiri huhesabiwa kuwa mchango wa daraja la chini ukilinganishwa na uandishi wa msimbo. Uchambuzi wa kazi yenyewe unapinga mtazamo huo. Katika programu nyingi huria, faili la tafsiri ni matini ya kawaida yenye jozi za mistari: mstari wa Kiingereza na mstari wa tafsiri. Anayeanza hahitaji kujua lugha ya kompyuta. Anahitaji kujua Kiswahili, kuelewa Kiingereza na kuacha alama maalumu mahali zilipo.

Baada ya muda mfupi mtafsiri hukutana na tatizo ambalo lugha peke yake haiwezi kulitatua. Kiingereza hutumia kivumishi kimoja chenye maana ya "-pya" kwa kila kitu, na waandishi wa programu huweza kuliandika neno hilo mara moja na kulitumia popote. Kiswahili hakiruhusu hivyo: ni jedwali jipya, kitabu kipya, ukurasa mpya. Vivyo hivyo taarifa ya kufutwa: jedwali limefutwa, kitabu kimefutwa, ukurasa umefutwa. Mtafsiri aliyepewa neno moja lisilo na muktadha analazimika kukisia ngeli, na akikosea menyu husomeka kama Kiswahili cha mtu asiyeijua lugha.

Suluhisho la kweli limo ndani ya msimbo: waandishi watenganishe maneno hayo, au waweke maelezo ya muktadha kwa kila moja. Ili kulipata, mtafsiri hana budi kutafuta mstari unaohusika, kueleza kasoro kwa ushahidi na kupendekeza marekebisho. Hapo anakuwa amevuka kutoka kwenye lugha kwenda kwenye uhandisi bila kubadili lengo lake. Upatanisho wa kisarufi, ambao ungeweza kuonekana kikwazo cha uswahilishaji, unakuwa ngazi ya kumpandishia mchangiaji. Kinachohitajika ni mwenyeji wa kumjibu anapouliza.

5. Namna ya kumpokea mgeni

Historia ya baadaye ya OpenOffice inaonesha tofauti kati ya mlango ulio wazi na mgeni aliyepokelewa. Chini ya Sun, mchangiaji wa msimbo alitakiwa kutia saini hati ya kuipa kampuni sehemu ya haki zake kabla kazi yake haijakubaliwa. Septemba 2010 kundi la wachangiaji lilijitenga na kuanzisha LibreOffice, likaliondoa sharti hilo. Pia liliandaa orodha ya kazi ndogo kwa wanaoanza, iliyoitwa Easy Hacks. Kila kazi ilielezwa ni nini, iko wapi katika msimbo na inahitaji ujuzi gani.

Miongoni mwa kazi hizo mojawapo ina uzito wa pekee kwa insha hii. Kwa kuwa programu ilizaliwa Ujerumani, msimbo wake ulikuwa umejaa maelezo ya Kijerumani ambayo wachangiaji wengi hawakuyaelewa. Kuyatafsiri kwa Kiingereza kulifanywa kuwa kazi ya wanaoanza. Aliyetafsiri maelezo alilazimika kuusoma msimbo uliozunguka maelezo hayo, kuandaa badiliko, kulituma na kusubiri ukaguzi. Alijifunza utaratibu mzima kwa kazi isiyoweza kuiharibu programu. Hivyo hata katika kitovu cha mradi wa Ulaya, tafsiri ilikuwa mlango wa kuingilia.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika mfano huu mwenyeji alipona kwa maana halisi: msimbo uliokuwa haueleweki ukasomeka kwa vizazi vilivyofuata. Uzoefu huo unaonesha mahitaji manne ya mapokezi: kazi ndogo iliyoelezwa wazi, mtu anayejulikana wa kuulizwa, jibu la haraka kwa mchango wa kwanza, na hatua ya pili iliyo ngumu kidogo kuliko ya kwanza.

6. Bonde la Kilombero: maarifa ya kazi kama mchango

Bonde la Kilombero si geni kwa kompyuta. Mwaka 1996 kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara kilianzisha ufuatiliaji wa kudumu wa vizazi, vifo na uhamaji katika vijiji vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Wahoji walitembelea kaya mara tatu kwa mwaka, wakajaza fomu za karatasi, na takwimu zikaingizwa katika programu ya kompyuta ya mezani iliyotokana na mfumo wa usajili wa kaya wa Navrongo, Ghana. Katika miaka ya 2010 kituo kilihamia OpenHDS, programu huria, na simu na vishikwambi vikachukua nafasi ya karatasi.

Mabadiliko hayo yanapanua maana ya mchangiaji. Mhoji wa bondeni anajua mambo ambayo mwandishi wa programu aliye mbali hawezi kuyabuni. Wakulima wengi wa mpunga huhamia shamboni kwa miezi kadhaa na kuishi katika vibanda mbali na kijiji, kisha hurudi. Je, programu iwahesabu kuwa wamehama? Swali hilo ni la muundo wa kanzidata, lakini jibu lake liko kwa anayezijua kaya. Programu huria ndiyo inayoruhusu jibu hilo kurudi hadi kwenye msimbo, iwapo mhoji atahesabiwa kuwa mchangiaji na si mkono wa kujazia fomu tu.

7. Malinyi na mipaka ya njia

Malinyi, iliyomegwa kutoka Ulanga na kuwa wilaya katikati ya miaka ya 2010, iko ng'ambo ya Mto Kilombero, mbele ya Lupiro na Mtimbira. Kabla ya daraja la mto huo, lililozinduliwa rasmi mwaka 2018, msafiri wa kwenda Ifakara alitegemea kivuko, na masika bonde hufurika. Mahali kama hapo panapima kwa ukali dhana ya kwamba mlango ulio mtandaoni uko wazi kwa wote.

Kizuizi cha lugha kinaongezeka juu ya kile cha umbali. Mwanafunzi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, ilhali maelekezo mengi ya wachangiaji yameandikwa kwa Kiingereza peke yake. Lakini faili la tafsiri lina sifa inayofaa mazingira hayo: ni dogo, hufunguliwa katika kompyuta yoyote, hufanyiwa kazi bila intaneti, na huweza kubebwa kwa flashi hadi penye mtandao. Kati ya njia zote za kuingia katika programu huria, hii ndiyo inayodai kidogo zaidi kutoka kwa mtu wa Malinyi, na inayotumia kwa ukamilifu ujuzi alionao tayari.

8. Hitimisho

Uzinduzi wa Desemba 2004 ulithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba programu kamili ya ofisi. Lakini LibreOffice ingali na kifurushi cha Kiswahili cha Tanzania, na kila toleo jipya linadai maneno mapya. Swali la kihistoria kwa hiyo si tena kama Kiswahili kinafaa. Ni nani atakayeyaandika maneno hayo, na nani atakayempokea akija. Insha imeonesha kwamba tafsiri ni mwanzo halali wa uhandisi, kwamba sarufi ya Kiswahili yenyewe humwongoza mtafsiri hadi kwenye msimbo, na kwamba maarifa ya mhoji wa bondeni ni mchango kamili. Vyuo vinavyofadhili miradi ya aina hii vinapaswa kupima mafanikio kwa idadi ya watu wanaoendelea na kazi baada ya mradi kufungwa, pamoja na wale walio ng'ambo ya mto.