Akiba yenye jakipoti: hesabu ya tangu 1694

Wasee, kabla hujatuma so mbili kwa mkeka wa wikendi, nipe dakika chache. Kuna kitu kati ya kubeti na kuweka akiba ambacho hatukufunzwa, na kina umri wa zaidi ya miaka 300.

London, 1694. Mfalme William III yuko vitani na Ufaransa na serikali imesota vibaya. Jamaa anaitwa Thomas Neale anapanga mchezo ulioitwa Million Adventure: tiketi 100,000, kila moja pauni 10. Zawadi kubwa ilikuwa pauni 1,000 kila mwaka kwa miaka 16. Sasa skia upande wa walioshindwa. Hao nao walipewa pauni 1 kila mwaka, miaka 16 hiyo hiyo. Yaani umetoa 10, umekosa zawadi, na bado unarudishiwa 16, pole pole. Ni mkeka gani ushawahi kukufanyia hivyo?

Pauni 10 enzi hizo si pesa ya kuokota barabarani. Watu wengi hawangeifikia peke yao, kwa hivyo walichanga, watu kadhaa kwa tiketi moja, wakishinda wanagawana. Hiyo ni chama, buda. Shida ilikuja baadaye, serikali ikaanza kuchelewesha malipo. Hata hiyo unaijua.

Wazo lenyewe lilirudi kwa nguvu 1956. Waingereza walikuwa wanatumia sana na kuweka kidogo, na bei zilikuwa zinapanda. Waziri wa fedha, Harold Macmillan, akaleta Premium Bonds. Unanunua bondi ya pauni 1 kutoka kwa serikali. Hulipwi riba. Riba ya watu wote inatupwa kwa chungu kimoja, halafu kila mwezi namba zinachaguliwa na washindi wanagawiwa hicho chungu. Pauni yako inabaki yako na unaweza kuitoa.

Kelele zilikuwa mob. Harold Wilson wa chama cha Labour, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu, aliibeza kama bahati nasibu chafu, na Askofu Mkuu wa Canterbury pia akaipinga. Watu wakanunua tu. Mauzo yalianza Novemba 1, 1956, na droo ya kwanza ikafanyika Juni 1957, zawadi kubwa ikiwa pauni 1,000. Namba zilichaguliwa na mashine iliyobandikwa jina ERNIE, iliyojengwa na mainjinia wa Posta kule Dollis Hill. Baadhi yao ndio walijenga Colossus, kompyuta ya kuvunja siri za Wajerumani wakati wa vita. Hii stori ya ERNIE naipenda kuliko inavyofaa, wacha niachie hapo. Leo Premium Bonds bado zipo, na kila mwezi kuna zawadi mbili za pauni milioni 1.

Karibu na nyumbani, benki ya FNB ya Afrika Kusini ilianzisha akaunti ya aina hii Januari 2005. Kila randi 100 ndani ya akaunti ilikupa nafasi moja ya kushinda randi milioni 1 ya mwezi. Ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, akaunti hizo zilikuwa nyingi kuliko za akiba ya kawaida za benki hiyo hiyo. Halafu bodi ya bahati nasibu ya taifa ikaenda kortini, na 2008 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikasema hii ni bahati nasibu haramu. Mambo yakaishia hapo. Mimi naona ni ajabu: mchezo ambao unakula pesa yako yote ulikuwa halali, ule unaokurudishia ndio ukafungwa.

Lakini tusidanganyane, hesabu yake ina uchungu. Mimi niliacha chuo, lakini hii unafanya kwa simu. Chukua watu 100, kila mmoja ameweka 10,000. Riba ya asilimia 5 inaleta 50,000 kwa mwaka. Kwa akaunti ya kawaida kila mtu anapata 500, na ukiiacha miaka 10 bila kugusa unakuwa na takriban 16,289. Kwa akaunti ya zawadi, tuseme kila mwaka watu 10 wanapata 5,000 kila mmoja na 90 wanatoka mikono mitupu. Baada ya miaka 10, takriban watu 35 kati ya hao 100 hawatakuwa wameshinda hata mara moja. Wako na 10,000 ile ile, na unga haujawangoja. Zawadi ya mshindi ni riba ya watu wote, hawa 35 wakiwemo. Hakuna pesa nyingine.

So kwa nini nisiseme tu fungua akaunti ya riba tumalizane? Kwa sababu nimeona 2017. Serikali ilitoa M-Akiba, bondi ya kununua kwa simu kuanzia 3,000, riba asilimia 10 bila kodi. Ile awamu ya shilingi bilioni 1 haikufika hata nusu ya lengo. Mwaka uliofuata, nchi nzima ilikuwa inaongea jakipoti ya kubeti ya milioni 208. Mtu mzima mwenye akili anaangalia 3,000 yake, anaona itazaa 300 kwa mwaka, na anajua 300 haimtoi mtaani. Wanaomwita mjinga mara nyingi wana mishahara.

Kwangu basi ni suala la pesa gani. Ile so mbili ya Jumamosi ambayo ingeenda kwa mkeka, ningeitupa kwa akaunti ya zawadi leo leo kama ningepata ya kuaminika hapa Kenya. Nikikosa, bado iko. Ila ningeuliza kwanza riba ngapi inaingia kwa chungu na benki inabaki na ngapi, kwa sababu hapo ndipo watu huliwa.

Lakini kuna pesa nyingine naweka kila wiki, karo ya dadangu mdogo anayeingia Gredi ya 10 Januari. Hiyo iko kwa akaunti ya riba, senti kwa senti, na hakuna ERNIE atakayeigusa.