Mpaka wa Mto Uko Wapi? Habari za Maji ya Likasi na Bonde la Lufira

Bila shaka mmekwisha kuona watu wawili wakigombania mpaka wa lupango. Mmoja aonyesha jiwe, mwingine aonyesha mwembe uliopandwa na baba yake, na wazee waitwa kuamua. Lakini mpaka wa mto uko wapi? Mto hauwezi kuita wazee. Wakati wa kiangazi hupungua ukawa mwembamba kama kamba; mvua ikirudi, nao hurudi mahali pake pa zamani, hata kama mtu amekwisha kujenga jiko lake pale.

Wengi hudhani kwamba swali hili halina jibu, au kwamba jibu ni la mwenye nguvu. Sivyo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 yajibu waziwazi. Yasema kwamba ardhi iliyo chini ya kila ziwa na kila mto, mashua zipite juu yake au zisipite, ni mali ya Serikali isiyouzwa. Tena yasema ardhi hiyo yafika wapi: mpaka mstari ule ambao maji hufikia yanapojaa sana katika mafuriko ya kawaida ya kila mwaka. Yaani mpaka wa mto haupimwi mwezi wa Agosti, wakati mnunuzi anapoletwa kuonyeshwa kiwanja kikavu chenye nyasi safi. Wapimwa mwezi wa Februari.

Basi sheria iko. Tutazame sasa habari za mito yetu, tuone jinsi mstari huo ulivyochorwa, ulivyorukwa, na ulivyosahauliwa.

Kabla ya viwanda, nchi hii ilikuwa ya misitu ya miombo na madembo. Mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa dembo, lakini kwa wasomaji wa mbali niseme: ni bonde pana lisilo na miti, lenye nyasi na udongo mweusi, ambalo hunywa maji ya mvua kama sifongo. Mvua yaanza karibu na Novemba, yakoma Aprili. Maji yale hayakimbii yote mara moja. Dembo huyashika, huyatoa polepole, hata mwezi wa Septemba, jua linapochoma, vijito vingine bado vina maji. Kwa sababu hiyo mtu anayejaza dembo kwa kifusi ili ajenge hakuharibu nyasi tu. Amekata kamba ya ndoo, na ndoo ni ya kijiji kizima kilicho chini yake.

Vijito hivyo hukutana. Panda na Buluo hutoka upande wa Likasi na kuielekea Lufira, mto mkubwa wa bonde letu, ambao nao washuka kaskazini mpaka Lualaba katika mabwawa ya Upemba. (Wazee wanalikumbuka daraja la Lufira kwa jambo jingine: Septemba 1961, askari wa Umoja wa Mataifa waliotumwa kuwaokoa wenzao waliozingirwa hapa, mji ulipoitwa bado Jadotville, walizuiwa pale pale darajani wasiweze kuvuka.)

Union Minière iliundwa mwaka wa 1906, na reli ikafika Elisabethville mwaka wa 1910. Watu wakaja wengi, na pamoja nao magonjwa ya maji machafu. Tarehe 1 Julai 1914 Serikali ya Wabelgiji ilitoa amri juu ya kuchafua chemchemi, maziwa na mito, na kuweka njia ya kuzitenga sehemu za kulinda maji ya kunywa. Tarehe ile yastahili kukumbukwa: Ulaya ilikuwa haijaanza bado vita yake kuu, na Kongo ilikuwa na sheria ya kulinda maji. Hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni geni, limeletwa juzi na wageni wa mikutano.

Lakini mipaka iliyosimamiwa kwa nguvu siku zile katika miji ya Katanga haikuwa ya maji. Ilikuwa ya rangi ya ngozi. Kule Elisabethville eneo tupu la mamia ya mita lilitenga mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika. Sababu iliyotolewa ni kwamba mbu wa malaria haruki mbali kuliko hapo. Mimi siwezi kupita juu ya jambo hilo haraka, maana lina fundisho la ajabu. Wakubwa wale walijua vizuri kuacha ardhi nzuri katikati ya mji bila nyumba hata moja, miaka mingi, na kuilinda kwa polisi. Walijua kupima na kukataza. Kilichokosekana kwa mito si ujuzi.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Katika miaka ya 1891 na 1892 Jules Cornet, mtaalamu wa mawe aliyefuatana na msafara wa Bia na Francqui, alipita katika nchi hii na kuandika habari za madini yake. Maporomoko ya Lufira yakaitwa kwa jina lake. Karibu miaka 40 baadaye Union Minière ilitaka umeme, kwa kuwa mwaka wa 1929 ilikuwa imefungua kiwanda cha Shituru, na kazi ya Shituru ni kula umeme mchana na usiku. Mawe ya shaba husagwa, huyeyushwa katika asidi kali, halafu umeme huivuta shaba kutoka katika maji yale na kuigandisha juu ya mabamba. Basi ukajengwa ukuta juu ya maporomoko, na mwaka wa 1930 mitambo ya Mwadingusha ikaanza kuzunguka. Nyuma ya ukuta Lufira ikatanda. Nyika na vinamasi vya zamani vikazama, likatokea ziwa tunaloliita Tshangalele. Mwaka wa 1950 ukaongezwa mtambo wa Koni, chini kidogo.

Tazama mzunguko huu. Lufira yatoa nguvu yake kuipa Shituru. Shituru yafanya shaba, na baadaye kobalti pia. Na maji machafu ya viwanda vya Likasi, yenye asidi na mabaki ya madini, yaingia katika mito ya Panda na Buluo, yateremka mpaka Lufira, yafika katika ziwa lile lile lililotoa umeme. Mto ulifanyishwa kazi, na mshahara wake ukawa takataka.

Maji yanapokimbia hubeba vumbi la madini. Yanapofika mahali pa mafunjo na matete hupunguza mwendo, na vumbi hilo latua chini katika tope. Ndiyo maana vinamasi vilivyo mdomoni mwa ziwa vimekuwa kama chujio la bonde zima. Chujio lakini lisilooshwa hata siku moja, tangu kizazi cha babu zetu. Samaki hula katika tope lile, na watu wa Kapolowe huvua samaki wale, na akina mama wa Likasi na Lubumbashi huwanunua.

Wabelgiji waliendelea kuandika sheria. Mei 1952 ilitoka dekreti juu ya matumizi ya maji, maziwa na mito. Tarehe 20 Juni 1957 ilitoka dekreti ya mipango ya miji, inayosema kila mji uwe na ramani yake, na katika ramani sehemu za nyumba, za viwanda, na zile zisizojengwa. Miaka mitatu baadaye uhuru ukaja, halafu Katanga ikajitenga mpaka Januari 1963. Mwaka wa 1966 mji ukapata tena jina la Likasi, na mwaka wa 1967 migodi ikawa mikononi mwa kampuni ya Serikali, ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Mabwana walibadilika, mfereji ulibaki pale pale.

Mwaka wa 1982 UNESCO iliandika sehemu ya bonde la Lufira katika orodha ya hifadhi zake za viumbe. Heshima hiyo haikutolewa bure. Mwaka wa 1960 mtaalamu Ruwet alikuwa amepata ziwani ndege mdogo wa manjano, aina ya kwera, ambaye wataalamu walimpa jina mwaka wa 1982 kwa mfano ule mmoja tu. Kisha hakuandikwa tena na mtaalamu yeyote mpaka alipoonekana upya na habari zake zikachapishwa mwaka wa 2009. Wavuvi, nadhani, walikuwa wakimwona kila asubuhi.

Baada ya 1990 Gécamines ilianguka, na mishahara ikakatika. Katika miaka ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Mtu aliyezoea mshahara wa mwezi angekula nini? Wengine walichukua sululu wakaenda kuchimba. Wengine, hasa akina mama, waliingia katika madembo kulima mboga, kwa kuwa pale maji hayakosi. Na penye bustani leo, kesho pana kibanda, keshokutwa pana nyumba ya matofali na karatasi yenye mhuri. Mimi mwenyewe niliwahi kuonyeshwa karatasi ya namna hiyo, ya kiwanja ambacho mafunjo yalikuwa bado yamesimama ndani yake. Mwenye kuinunua alikuwa ametumia akiba yake yote. Huyo simwiti mvunja sheria. Alinunua mto bila kujua, kwa mtu aliyejua.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven walipima mkojo wa watu wa Katanga, na mwaka wa 2009 wakachapisha waliyoyaona. Watu waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini kuliko wakaaji wa mbali, na watoto waliwazidi watu wazima. Uchunguzi uliofuata ulionyesha njia zinazopitisha sumu hiyo: mboga, vumbi linaloingia kinywani mwa watoto wanaocheza chini, na kwa watu wa ziwani, samaki.

Labda utauliza: je, sheria mpya hazikutazama hayo? Zilitazama. Sheria ya madini ya mwaka wa 2002 yakataza mwenye haki ya kuchimba kushika ardhi iliyo chini ya mita 90 kutoka bwawa la Serikali au mipaka ya kijiji na mji, bila ruhusa ya wakubwa wanaohusika. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 yaagiza mahali panapotekwa maji ya kunywa pawe na mzingo wa ulinzi. Na mwaka wa 2017 bonde lote la Lufira liliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani ya vinamasi vyenye thamani kwa dunia nzima. Majirani zetu nao wana vipimo vyao: Tanzania, kwa sheria ya mwaka wa 2004, yazuia shughuli zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 za mto au ziwa, Uganda, kwa kanuni za mwaka wa 2000, ina mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa na mita 30 kwa mingine.

Mimi naziheshimu mita hizi. Zamzuia mtu asijenge choo juu ya kijito, na trakta isifukue ukingo. Lakini hapa ndipo penye shida ya Likasi, nayo si shida ya Kampala wala ya Dar es Salaam kwa namna ile ile. Mita huzuia kitu kinachokaa. Nyumba hukaa, bustani hukaa. Maji ya kiwandani hayakai, yatembea. Kiwanda chaweza kusimama mbali na Lufira, kikatimiza mita zote za sheria, na bado kikaifikia Lufira kila siku kwa mguu wa Panda. Februari 2025, kwa jirani zetu wa Zambia, ukuta wa bwawa la takataka za mgodi ulibomoka karibu na Chambishi. Maji ya asidi yaliingia katika kijito Mwambashi, kutoka pale yakafika Kafue, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Kitwe haikuwa jirani ya ukuta ule kwa kipimo cha kamba. Ilikuwa jirani kwa njia ya mto.

Kwa sababu hiyo mstari wa sheria ya 1973, ule wa mafuriko, hauna budi kuwekwa alama mahali pawili. Kwanza katika madembo, kwa mawe ya mpaka yanayoonekana, kabla viwanja havijauzwa. Maana kumfukuza mtu baada ya kujenga ni kumwadhibu aliyedanganywa na kumwacha aliyemdanganya. Pili kwenye mdomo wa mfereji wa kiwanda, ambapo maji yapimwe yanapotoka, na hesabu yake ibandikwe ukutani mwa ofisi ya komini, kwa lugha inayosomwa na watu. Mama mwenye bustani ni rahisi kumkamata: yupo pale na jembe lake mkononi. Mfereji hauna uso, wala hauogopi polisi.

Likasi ina komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kila komini ina ofisi, na kila mkaaji ana ruhusa ya kuingia na kuuliza ramani ya mtaa wake. Mwezi wa Agosti ndio wakati mzuri wa kwenda, viwanja vinapouzwa. Aulize jambo moja tu: katika ramani hii, maji ya Februari yafika wapi?