Kutoka "Kitabu" hadi "Egetabu"

Mwanaisimu alinganishaye lugha za Kibantu akikuta egetabu katika Ekegusii, ekitabo katika Kiganda, igitabo katika Kinyarwanda na kitabu katika Kiswahili, aweza kushawishika kudai kwamba maneno hayo yametokana na Kibantu cha kale. Viambishi vyalingana, na wingi walingana: ebitabu, ebitabo, ibitabo, vitabu. Hata hivyo, dai hilo lingekuwa kosa.

Asili ya neno hili ni Kiarabu kitab, na mzizi wake, k-t-b, wahusu kuandika. Mzizi huo huo umetupatia katibu, katiba na maktaba. Kwa Mwarabu, k ni sehemu ya mzizi, na wingi ni kutub. Waswahili waliichukua silabi ki- kuwa kiambishi cha ngeli, wakaunda vitabu.

Huko Kisii na Nyamira neno lilipiga hatua nyingine. Ekegusii hufuata kanuni ambayo mwaka 1903 Carl Meinhof aliiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeigundua katika Kinyamwezi: k ya kiambishi hugeuka g iwapo shina laanza kwa konsonanti isiyo ghuna. Hivyo husemwa ekerogo (kiti) na okorora (kuona), lakini egesaku (ukoo) na ogokora (kufanya). Jina Ekegusii lenyewe limebaki na k kwa kuwa g ya shina ni ghuna. Shina la mgeni wetu likichukuliwa kuwa -tabu, kanuni yadai egetabu.

Elimu ya vitabu ilienea Gusii kwa misheni, ya Wakatoliki huko Nyabururu mwaka 1911 na ya Waadventista huko Nyanchwa mwaka 1912. Ikiwa neno liliingia pamoja na elimu hiyo, kama inavyoelekea, basi kanuni tuidhaniayo kuwa masalio ya kale ilikuwa ingali hai katika karne ya 20. Irabu -u ya mwisho nayo yaelekeza kwenye Kiswahili kuliko Kiganda.

Basi ulinganifu wa viambishi pekee hauthibitishi urithi. Vilevile, asili ya kigeni hailiondolei neno uenyeji: Mgusii alilipokea neno kwa sheria za lugha yake mwenyewe.